Mtani Aliyejaza Diski

1

Jumatano, saa mbili asubuhi, Mfagizi, mashine ya kata, alimaliza kupima nyumba ya Atilio Luhwago akasoma matokeo kwa sauti. Angeweza kuyaandika kwenye kioo, lakini macho ya mwenye nyumba yalikuwa yamechoka na miwani alikuwa ameikataa tangu zamani.

"Kaya namba mia saba kumi na mbili, Ipogolo," ilisema sauti kutoka kwenye kisanduku cha kijivu kilichokaa juu ya kabati la vyombo. "Diski imejaa asilimia tisini na sita. Ombi la kupakia masomo ya ukunga, mwombaji Yasinta Mgaya, linahitaji asilimia thelathini. Muda wa ombi unaisha Ijumaa saa sita mchana. Kinachopendekezwa kuondolewa ni ramani ya usemi ya Osmund Mbano. Ukubwa, asilimia arobaini na moja. Thamani kwa kaya, mbili kati ya mia."

Atilio alishusha kikombe cha chai. "Rudia hapo mwisho."

"Thamani kwa kaya, mbili kati ya mia."

"Mbili," alisema Atilio. "Hata pipa la takataka la nyumba hii lina zaidi ya mbili."

Yasinta, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Hakushtuka, na hapo Atilio akatambua kwamba matokeo hayo binti alikuwa nayo tangu jana.

"Pole, baba," alisema Yasinta kwa sauti yake laini, ile aliyokuwa akiitumia kila anapokuwa karibu na kisanduku. "Na mimi naumia. Mzee Mbano ni baba yangu mpendwa."

"Mpendwa," alisema Atilio.

"Mpendwa kabisa."

Kwenye veranda, mpendwa mwenyewe alikuwa akiota jua na kuwazomea kuku. Osmund Mbano, Mngoni wa Songea, alimwoa dada yake Atilio, akamzika, na miaka sita iliyopita akapigwa na kiharusi kilichomwachia miguu na akili lakini kikamnyang'anya maneno. Hospitali ilimbandika kifungo nyuma ya sikio. Kifungo kilisoma alichotaka kusema, kikaenda kuyatafuta maneno kwenye ramani iliyotunzwa ndani ya diski, kikayatoa kwa sauti yake ile ile ya kukwaruza. Kila sentensi mpya aliyoitunga ilichora njia mpya kwenye ramani. Mtu wa kusema ndiyo na hapana angetosha ndani ya asilimia moja. Osmund alikuwa na arobaini na moja, na zote alizijaza kwa kumtukana shemeji yake.

Diski ya pili haikuwepo. Tangu maghala makubwa ya kumbukumbu, ya huko mbali, yalipoungua katika miaka ya joto, kila kaya ilipewa diski moja, ikapigwa lakiri, na mtu aliyekutwa na ya pili alinyang'anywa zote. Ikijaa, kazi ilikuwa ya Mfagizi. Mfagizi hakuuliza mtu anapenda nini, maana watu hudanganya wanapoulizwa. Alisikiliza mwaka mzima. Alipima maneno yanayosemwa ndani ya nyumba, akayalinganisha na mapigo ya moyo kwenye bangili za afya, na kila kitu akakipa thamani.

"Nipe sababu," Atilio alikiambia kisanduku.

"Katika miaka sita, mwenye kaya ametoa kauli elfu kumi na moja, mia mbili na nne za kumdhalilisha mhusika. Kauli za upendo kutoka kwa mwenye kaya, sifuri. Nitoe mifano?"

"Toa."

Kikatoa sauti ya Atilio mwenyewe, ya miezi na miaka tofauti. *Wewe Mngoni, ukifa tutakuzika wima, tusipoteze shamba.* Halafu: *Babu zako walitembea kutoka kusini mpaka huku, wakasimama kwa sababu viatu viliisha.* Halafu: *Kiharusi gani hiki kisichojua kumaliza kazi?*

Yasinta aliinamisha uso juu ya maharage yake.

"Na hizo mbili amezipata wapi?" aliuliza Atilio.

"Kauli elfu mbili na arobaini za heshima na upendo kutoka kwa Yasinta Mgaya."

Atilio alimgeukia mkwewe. Binti huyu, aliyempenda Osmund mara elfu mbili na arobaini, ndiye aliyekuwa akisubiri Ijumaa.

"Hafutwi, baba," alisema Yasinta. "Anabanwa tu. Nimeuliza. Wanamwachia maneno mia nne ya lazima. Mzee wa umri wake anataka maneno mangapi?"

Mfagizi, ambaye hakuwa na adabu ya kujua lini anyamaze, akatoa mfano. Sauti ya Osmund ilisikika kutoka juu ya kabati, ikiwa safi, imepigwa pasi: "Asante. Naomba maji. Nimeshiba. Mungu akubariki. Samahani kwa usumbufu."

Nje, Osmund halisi alikuwa akimwambia jogoo kwamba ana sura ya Mhehe aliyekosa nyama ya mbwa.

"Zima hicho," alisema Atilio.

Yasinta aliweka ungo mezani. Sasa sauti haikuwa laini sana. "Mwaka juzi nafasi ilijaa. Mwaka jana nafasi ilijaa. Nina miaka thelathini na tatu. Wewe mwenyewe, baba, kila mgeni akija unamhadithia ulivyoanza darasa la jioni una miaka thelathini na moja, unatoka kwenye greda na vumbi masikioni. Kwako ilikuwa sifa. Kwangu ni usumbufu?"

Neno la binti lilikuwa la kweli, na Atilio alilichukia kwa sababu hiyo.

2

Alimpigia afisa wa kumbukumbu wa kata. Uso wa kijana mwenye kola iliyonyooka ukatokea kwenye kioo.

"Shikamoo mzee. Fupi tafadhali, nina foleni."

"Marahaba. Mashine yenu imekosea. Mimi ni Mhehe, yule ni Mngoni. Ni mtani wangu."

"Ndiyo."

"Sikia kwanza. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuzikana. Tangu hapo ni ruhusa kutukanana. Si ruhusa tu, ni wajibu. Siku tunamzika dada yangu, huyu akiwa mfiwa, mimi nililala juu ya jembe nikasema kaburi halichimbwi mpaka mume acheke. Akacheka. Ndiyo tukazika. Hayo mnayoyaita kauli za kumdhalilisha ndiyo yamemweka hai miaka sita."

"Mzee, mashine haina kabila."

"Walioitengeneza wana watani?"

"Sijui wana nini. Jedwali la matusi lilikuja limekamilika, hatuligusi." Kijana alitazama pembeni, kwenye foleni yake. "Unaweza kupinga. Taja kitu kingine chenye nafasi ya kutosha, na thamani yake iwe chini ya mbili. Kuna kitu?"

Atilio alijua kilichokuwepo, akajuta kukijua. "Kuna kitabu changu. Asilimia thelathini na tatu."

Kijana alisoma. "*Barabara Nilizozichonga.* Thamani tisini na saba. Hiki kimekingwa, hakifutiki kwa amri, hata yako. Zamani watu walifuta kwa hasira asubuhi wakaja kulia hapa jioni. Sasa ni mpaka nyumba yenyewe iache kukithamini." Akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo ni huyo mzee. Au anza kumsemesha vizuri. Una siku mbili."

Kioo kikawa cheusi.

3

Alhamisi asubuhi Atilio alivaa koti, akatoka verandani, akakaa kwenye kiti kinachotazamana na cha Osmund. Alikohoa.

"Umelalaje, shemeji yangu mpendwa?"

Osmund aliacha kumenya kiazi. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni mimi. Hospitali wamesema nini?"

"Hawajasema kitu. Nimekuamkia tu. Wewe ni mtu mwema, Osmund. Nyumba hii inanufaika kwa kuwa nawe."

Osmund alimtazama kama mtu anayetazama nyoka aliyevaa soksi. "Ulanzi asubuhi hii?"

"Sijanywa."

"Basi umechanganyikiwa. Nilijua. Ubongo wa Mhehe una mafuta ya miaka sabini, ukipita hapo unaungua."

Kwa nguvu zake zote Atilio alijizuia kujibu. Jibu lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi, zuri, lenye Songea na mama mkwe ndani yake. Akalimeza. "Ninakushukuru kwa ucheshi wako," alisema.

Hapo uso wa Osmund ulibadilika. Utani ulitoka, na kilichobaki kilikuwa kigumu.

"Umenivua utani," alisema polepole.

"Sijakuvua."

"Umenivua. Unaniambia asante kama karani wa mazishi. Miaka sita nakula kwako, hujawahi kunifanya mgeni hata siku moja. Leo umenifanya mgeni. Sema tu nimechosha, nina kwetu mimi."

Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na begi ambalo halikuwa na kitu zaidi ya shati na redio. Atilio alimfuata akimsihi kwa maneno mazuri, na kila neno zuri lilizidi kumpeleka mbali. Osmund alivuka kuku, akavuka mparachichi, akafika kwenye lango akigeuka kila hatua mbili kutupa neno.

"Na ukija Songea kuniomba maji, Mhehe wewe, nitakupa ndoo iliyotoboka, halafu nitaku..."

Akavuka lango, na sauti ikakatika.

Kifungo hakikufika mbali zaidi ya uzio. Osmund alilijua hilo, kwa miaka sita hakuwahi kutoka bila mtu wa kumsemea, lakini hasira ilimsahaulisha. Alisimama barabarani na begi lake, mdomo ukiendelea, mkono ukikata hewa, na hakuna kilichotoka ila pumzi. Mwanamke aliyebeba kuni akapita, akamsalimu. Osmund akafungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa. Mwanamke akampa pole ambayo hupewa watoto na wendawazimu, akaenda zake.

Atilio aliona hayo yote akiwa ameshika nguzo ya lango. Aliwaza kwamba yale maneno mia nne yangekuwa barabara hii hii, ila ndani ya nyumba. Samahani kwa usumbufu. Nimeshiba.

"Rudi ndani, mzoga wewe," alipaza sauti. "Unaniaibisha mbele ya watu wenye kazi. Nani atamaliza ugali wa jana, tumtupie mbwa?"

Osmund alimtazama. Akarudi hatua moja, mbili, akavuka lango, na sauti ikarudi katikati ya sentensi kama redio iliyopata mawimbi.

"...mbwa mnamla, hamumtupii ugali."

Jioni Atilio alikiuliza kisanduku kwa sauti ya chini. "Thamani ya ramani?"

"Tatu. Kauli thelathini na moja za upendo zimepokewa kutoka kwa mwenye kaya. Thelathini zimekataliwa. Mapigo ya moyo hayakulingana na maneno."

"Na ile moja iliyokubaliwa?"

"*Rudi ndani, mzoga wewe.* Maneno yamehesabiwa kuwa tusi, mapigo yamehesabiwa kuwa upendo. Mfumo umetoa pointi moja kwa mashaka."

4

Kila jioni baada ya chakula Atilio alisoma sura moja ya kitabu chake, na nyumba ilisikiliza, ipende isipende.

Kilikuwa na sura ishirini na moja. Alikianza akiwa na miaka sitini, baada ya kuendesha greda mkoa mzima kwa miaka thelathini na minne. Ndani yake mlikuwa na kila barabara aliyoichonga, kila mita, kwa vipimo vya mashine yenyewe: mwinuko, udongo, maji yanakotoka, nani aliishi kando ya barabara na alipika nini. Hakujua kusoma mpaka alipofika miaka thelathini na moja. Akiwa na arobaini na nne alimaliza kidato cha nne kwa taa ya darasa la jioni, akiwa mzee kuliko mwalimu. Mtu wa namna hiyo akiandika kitabu, hakihifadhi kwa kubanwa. Alikihifadhi chote, na vipimo vyote, na sauti yake akikisoma.

"Sura ya saba," alisoma jioni ile. "Kona ya Mama Sabuni. *Katika kilomita ya kumi na saba kutoka Ipogolo, mlima unamgeuzia dereva kisogo.*"

"*Mlima unamgeuzia dereva kisogo*," Osmund alirudia, akiigiza sauti yake mpaka kile kikohozi. "Mlima una kisogo? Una masikio pia? Siku ya somo hilo mwalimu alikuwa amesinzia. Tena ni kilomita ya kumi na nne."

"Kumi na..." Atilio alianza, kama alivyokuwa akianza kila mara, kwa miaka sita, kila walipofika sura ya saba. Kisha akanyamaza. Kitu kilimjia, na hakukipenda. Alifunga mdomo, akaendelea kusoma. Osmund aliendelea kurudia kila sentensi kwa dhihaka, na safari hiyo hakuna aliyemjibu.

Osmund alipokwenda kulala, Atilio alikiuliza kisanduku thamani ya kitabu.

"Tisini na tano," kilisema. "Imeshuka mbili. Kejeli hazikupingwa na mwenye kaya."

Yasinta alikuwa akifuta meza. Mkono wake ulisimama. Alimtazama mzee, akakitazama kisanduku, na hakusema neno la heshima hata moja.

5

Ijumaa, saa mbili, Atilio aliweka birika la chai mezani, chini ya kisanduku.

"Mngoni, leo nataka unitukanie kitabu changu. Chote, kuanzia jalada."

Osmund alimkazia macho. "Bure?"

"Unataka tiketi?"

"Nataka kujua kuna mtego gani."

"Hakuna. Nimechoka kusikia unachonga kidogo kidogo. Kama una kitu, toa. Au maneno yamekuishia?"

Hilo lilitosha. Osmund alivuta kiti, akajaza kikombe sukari, akaanza.

Alianza na jina. Alisema mtu mzima haandiki *nilizozichonga*, maana greda ndiyo iliyochonga, yeye alikaa tu akitafuna karanga. Akaenda kwenye dibaji, ambamo Atilio alikuwa amewashukuru watu arobaini, na Osmund akasema arobaini hao ni idadi kamili ya watakaokisoma, na nusu wameshakufa. Aliingia sura ya tatu, ya udongo mwekundu, akauliza kama kuna binadamu aliyewahi kukaa kitako akatamani kurasa tisa za udongo. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Alinukuu aya nzima nzima, akizipindua kidogo tu, na katika kupinduliwa huko zikaonekana zilivyokuwa: ndefu, zenye majivuno, zikinukia chaki.

"Themanini na nane," kilisema kisanduku, ambacho Atilio alikiagiza kitaje namba tu. Osmund alidhani ni hesabu za umeme.

Sura ya tano Atilio alishindwa. "Daraja lile liliokoa kijiji kizima," alisema.

"Tisini na mbili."

Aliuma meno. Baada ya hapo alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuacha maneno yapite. Saa nne namba ilikuwa hamsini. Saa tano kasoro ilikuwa thelathini, kwa sababu alianza kusaidia. "Kweli, kurasa za udongo ni nyingi," alisema. "Kweli, hakuna aliyewahi kuomba nakala." Mwanzoni moyo wake ulikataa na Mfagizi akazitupa kauli hizo. Kisha, kidogo kidogo, moyo ukaacha kukataa, na hilo lilimtisha kuliko dhihaka yoyote ya Mngoni. Mtu anaweza kukishusha kitu chake mwenyewe mpaka kikashuka kweli.

Yasinta alikuwa amekaa kizingitini, saa ya ukutani mbele yake. Saa tano na nusu namba ilikuwa tisa. Saa sita kasoro robo ilikuwa tisa bado.

"Nimemaliza," alisema Osmund, akipumua. "Nimefika jalada la nyuma. Hata picha yako nimeitukana. Nikiendelea nitaanza kumtukana mpiga picha, naye hajanikosea."

"Tisa," kilisema kisanduku.

Atilio alitazama mikono yake. Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki ambacho Osmund hangeweza kukitukana, kwa sababu hakukijua. Kilikuwa kimekaa chini ya kitabu miaka yote, kama jiwe lililosahauliwa chini ya lami.

"Sura ya pili," alisema.

"Ya milima. Nimeitukana saa tatu."

"Si yangu."

Osmund alishusha kikombe.

"Ni ya mwalimu Kihongosi, wa darasa la jioni. Aliniazima daftari lake la jiografia kabla hajafariki. Nilibadilisha majina ya milima, nikaweka greda katikati. Ile sentensi ya mawingu, ambayo kila mgeni huisifu, ni yake, neno kwa neno. Watu wananiambia Atilio umejaliwa, na mimi nasema ahsante." Alimeza mate. "Mtu aliyejivunia kujifunza, aliiba somo. Kitabu kilichoanza hivyo ni cha nini?"

Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita, Mngoni alipewa mkuki mkononi akauacha chini, akatoka kwenda kuwaudhi kuku.

"Moja," kilisema kisanduku. "Kinga imeondolewa. Mwenye kaya, unathibitisha?"

"Thibitisha."

Ilichukua dakika tisa. Atilio alikaa hapo hapo akisikiliza namba zikishuka, thelathini na tatu mpaka sifuri, huku Osmund akiwazomea kuku nje. Saa sita kasoro dakika tatu masomo ya ukunga yalianza kupakiwa.

Yasinta aliinuka kizingitini. Alitembea mpaka mezani akachukua birika, na alipozungumza hapakuwa na asali kwenye sauti.

"Ningejua unaweza kuachia kitu, baba," alisema, "ningekuomba mwaka juzi. Miaka miwili nimemwita yule mzee mpendwa ili kisanduku kinione mwema, kumbe mlango ulikuwa huku."

"Ungeniomba nisingekupa."

"Najua." Akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe cha Atilio, akajaza mpaka ukingoni, akaondoka.

6

Jioni, baada ya ugali, Osmund alinyoosha miguu.

"Haya, leta kitabu chako kibovu. Bila hicho usingizi haunijii."

"Hakipo."

"Kipo wapi?"

"Nimekifuta. Binti alihitaji nafasi ya masomo."

Osmund alitazama kisanduku juu ya kabati, kisha mlango wa Yasinta, ambamo sauti ya mwalimu wa mbali ilikuwa ikifundisha namna ya kushika kichwa cha mtoto anayezaliwa. Akagusa kifungo nyuma ya sikio, kwa kidole kimoja. Atilio hakujua alichokielewa, na hakuuliza.

"Asubuhi ulinipa kazi ya kuua mzoga," alisema Osmund mwishowe.

"Ulikuwa umekufa tayari."

"Sura gani leo?"

"Nimekwambia hakipo."

"Jana ilikuwa ya saba. Hukuimaliza, ulikuwa umenuna." Osmund alikohoa kile kikohozi, kile kile, akaweka mkono kifuani, akaanza kwa sauti ya Atilio yenye majivuno yote ya darasa la jioni. "*Sura ya saba. Kona ya Mama Sabuni. Katika kilomita ya kumi na nne kutoka Ipogolo, mlima unamgeuzia dereva kisogo. Hapa nilisimamisha greda, nikashuka, nikaonja udongo kwa ulimi, kama mbwa...*"

"Sikuandika kama mbwa."

"*...kama mbwa, nikatambua chumvi. Maji ya mlima yalikuwa yakipita chini ya barabara, kimya, kama mgeni asiyetaka kusumbua.*"

Hilo la mgeni lilikuwa sahihi, neno kwa neno. Kila kejeli ya miaka sita ilikuwa imechora njia ndani ya ramani ile, na kitabu kizima kilikuwa kimelala humo, kimepindwa, kimetemewa mate, kikiwa na mbwa mahali ambapo hakukuwa na mbwa.

"Ramani ya usemi imeongezeka," kilisema kisanduku. "Thamani kwa kaya..."

"Nyamaza wewe," walisema wazee wawili.

Osmund aliendelea. Alisoma mpaka mwisho wa kona, mpaka mtaro na mawe na yule mama aliyeuza sabuni, akikosea kwa makusudi na kupatia bila kukusudia.

"Ni kilomita ya kumi na saba," alisema Atilio alipomaliza. "Nilipima mimi. Vipimo vya mashine."

"Viko wapi hivyo vipimo?"

Vipimo havikuwepo popote duniani.

Mngoni aliegemea kiti, akafumba macho, akiwa ameshiba na kuridhika kama mtu aliyeteka nchi.

"Kumi na nne," alisema.